Msimwambie mtoto awe makini, mwambieni dereva apunguze mwendo

Najua nimepotea sana humu ndani. Mazoezi ya kufundisha yalinipeleka kule kwetu Kanda ya Ziwa, nikarudi chuo Dodoma na ripoti ya kuandika, na sasa ndo napata nafasi ya kukaa. Leo sina habari za bumu wala za maji kukatika hosteli. Leo nina hasira, na nimeamua niziandike kabla hazijapoa.

Chanzo ni semina ya jana. Kundi moja liliwasilisha mada ya usalama wa watoto barabarani. Slaidi nzuri, picha za kutosha, vijana wamevaa tai. Wakafika kwenye mapendekezo. La kwanza: elimu ya usalama barabarani itolewe kwa watoto tangu darasa la awali. La pili: wazazi wawe makini na watoto wao. La tatu: watoto wafundishwe kuangalia kulia, kushoto, kisha kulia tena. Basi. Dereva hakutajwa popote, barabara haikutajwa, mwendo haukutajwa. Darasa zima likapiga makofi. Mie nikanyoosha mkono, nikapewa dakika mbili, zikaisha nikiwa bado kwenye utangulizi. Yaliyobaki ndo haya.

Jamani, mie nasomea ualimu. Elimu ndo ugali wangu wa kesho, sina sababu ya kuisema vibaya. Lakini kumkabidhi mtoto wa miaka 7 kazi ya kujilinda na lori lenye tela, halafu akigongwa tuseme hakuwa makini, huo ni uonevu tunaoupaka rangi ya elimu. Na sisi walimu ndo tunaoshikishwa brashi.

Ngoja kwanza niwaeleze barabara ninayoizungumzia, maana wengi hapa chuo wanaijua Shinyanga kwa kuipita usiku wakiwa wamelala ndani ya basi. Ukitoka Dodoma, ukapita Singida na Nzega, unafika Tinde. Pale njia zinagawanyika. Moja inakwenda Shinyanga mjini na Mwanza. Nyingine inakwenda Isaka, kwenye bandari kavu, halafu Kahama, Masumbwe, Ushirombo, Runzewe, hadi Nyakanazi na mpaka wa Rusumo. Hiyo ya pili ndiyo inayobeba mizigo ya Rwanda, ya Burundi na ya mashariki mwa Kongo. Mafuta, saruji, mabati, makontena. Ongeza magari ya machimbo: Bulyanhulu iko huko Msalala, Geita iko upande wa pili, na katikati yake kuna wachimbaji wadogo wasiohesabika, kila penye rashi kuna Noah, Probox, Fuso za mawe na bodaboda zisizo na idadi. Halafu Juni 2025 likafunguliwa daraja la Kigongo hadi Busisi. Mie nimelishangilia kama kila mtu, tuliteseka sana na kivuko. Lakini zamani magari ya kuelekea Sengerema na Geita yalishuka kwa mafungu, kivuko kikitia nanga. Sasa yanatiririka tu, na shule za kando ya barabara ile ziko palepale zilipokuwa.

Shule niliyopangiwa ilikuwa kati ya Masumbwe na Ushirombo, jina lake naliacha. Kozi yangu ni ya saikolojia ya elimu, kwa hiyo nilipelekwa msingi, madarasa ya chini. Uwanja wa shule unaishia barabarani. Yaani huo ndo uzio: lami. Nusu ya watoto wanakaa upande huu, nusu upande ule, na kisima kiko upande ule.

Mtoto wa kule haendi shule mikono mitupu. Ana dumu la maji mkono mmoja, ufagio mkono wa pili, begi au mfuko wa salfeti mgongoni, na mara nyingi mdogo wake anamfuata nyuma. Na kuna jambo moja watu wa pwani hawalijui. Nchi nzima tunatumia saa moja, lakini jua la Geita linachomoza karibu nusu saa baada ya la Dar es Salaam. Kengele haijali hilo. Kuna miezi mtoto anavuka barabara giza bado lipo, sare yenyewe imefifia, na dereva wa lori anayekuja ameendesha usiku kucha.

Wiki ya tatu, mtoto wa darasa la pili aligongwa. Sitaeleza sana, familia yake ipo. Alikuwa anarudi kisimani. Alifariki kabla hajafikishwa hospitali. Lililobaki kichwani kwangu zaidi ya msiba wenyewe ni maneno yaliyofuata. Afisa aliyekuja kuandika maelezo aliuliza, akaandika, akatusomea: mtoto alikatiza barabara ghafla. Kwenye kikao cha wazazi, mzee mmoja wa heshima akasema watoto wa siku hizi hawasikii. Ikaamuliwa kwamba walimu tuongeze kipindi cha usalama barabarani, na kwa kuwa mie ndo mgeni mwenye nguvu, nikapewa. Nikasema sawa mkuu. Nikafundisha. Tukaimba kulia, kushoto, kulia. Watoto waliimba vizuri sana, na huku tunaimba malori yanapita nyuma ya mgongo wangu, dirisha linatetemeka.

Mama mmoja, majirani wote wanamwita mayu, ambaye nyumba yake inatazamana na shule, ndiye pekee aliyesema kitu chenye akili pale kikaoni. Alisema, "Mwalimu, ng'ombe wangu nikiwapitisha hapa, magari yanasimama. Mtoto akipita hayasimami." Watu wakacheka. Mie sikuona cha kuchekesha. Ng'ombe mmoja anavunja taa, radieta na mfuko wa tajiri mwenye gari.

Sasa turudi darasani, maana haya tunayasoma wenyewe halafu tukitoka nje tunayasahau. Nani hapa hakufaulu swali la Piaget? Mtoto wa miaka 2 hadi 7 hawezi kirahisi kuona jambo kutoka upande wa mwenzake. Tunaandika hivyo kwenye mtihani na kupata alama zetu. Sasa liweke barabarani: mtoto analiona lori, kwa hiyo anaamini lori nalo limemwona. Amesimama mbele kabisa ya kichwa cha Fuso, pale ambapo dereva aliyekaa juu haoni kitu kifupi, na yeye ana uhakika ameonekana. Utamfundishaje hilo kwa wimbo?

Kuna mama mmoja mtafiti wa Uswidi, Stina Sandels, aliyefanya kazi hii tangu miaka ya 1960. Alichokisema kiliwaudhi wengi: mtoto mdogo, kwa umri wa chini ya miaka 10 hivi, hajakomaa vya kutosha kuhimili magari barabarani, na huwezi kumkomaza kwa mafunzo, kama usivyoweza kumfundisha mtoto wa miezi mitatu atembee. Kinachobadilishwa ni barabara.

Na sayansi ya baadaye imemuunga mkono. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo cha Royal Holloway, London, walichapisha jambo ambalo mie nilisoma mara tatu ndo likaingia. Macho yetu yanajua kitu kinakuja kwa sababu kinakua, kinajaa machoni. Sasa chukua magari mawili, yote yatafika hapo ulipo baada ya sekunde 5. Moja linakwenda taratibu, kwa hiyo liko karibu, na unaliona likikua. Lingine linakimbia, kwa hiyo bado liko mbali, na kwa macho linaonekana kama limesimama. Lile la hatari zaidi ndilo linaloonekana halina neno! Mtu mzima anaweza kuligundua. Watoto wa umri wa shule ya msingi waliopimwa walionyesha kwamba gari likizidi kilomita 32 kwa saa hivi, huenda macho yao yasitambue kabisa kuwa linakuja. Soma tena. Shida haikuwa uzembe wala usikivu, ni macho na ubongo ambao haujamaliza kujengwa. Mtoto anaangalia kulia kama alivyofundishwa, analitazama lori kabisa, na halioni likija.

Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwavusha watoto barabara ya kuigiza, ya picha za kompyuta, magari yakija mfululizo kwa kilomita 40 hivi kwa saa. Wa miaka 6 waligongwa asilimia 8 ya mara walizovuka. Wa miaka 8, asilimia 6. Wa miaka 10, asilimia 5. Wa miaka 12, asilimia 2. Kuanzia miaka 14, hakuna aliyegongwa. Sasa nyie watu wa hesabu: mtoto wa miaka 6 anavuka mara mbili kwa siku, kwenda na kurudi, hapo kisima sijakiweka. Kwa kiwango kile cha Iowa angemaliza wiki mbili? Watoto wetu ni wajanja kuliko hapo, wanamngoja mkubwa, wanavuka kwa kundi, wanakimbia, na wana bahati ya vipindi ambavyo barabara ni tupu. Wanaishi kwa ujanja na kwa bahati. Na magari yao hayaendi 40.

Hesabu nyingine ya darasa la sita. Lami ina mita 7 hivi. Mtoto mwenye dumu anatembea kama mita moja kwa sekunde. Anahitaji sekunde 7. Lori likiwa kwenye 80 linakata mita 22 kila sekunde, kwa hiyo katika sekunde hizo 7 limemeza zaidi ya mita 150, kiwanja cha mpira kimoja na nusu. Kwa hiyo unamtaka mtoto wa miaka 7 akadirie kitu kilichoko kiwanja kimoja na nusu mbele, alfajiri, na aamue sawasawa, kila siku ya shule, miaka saba. Likiwa kwenye 30, linakata mita 58. Hapo hata akikosea, dereva ana nafasi ya kushika breki, na breki isipowahi kabisa, mwili una nafasi ya kupona. Kwenye 80 hakuna cha kujadili. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima, mtu mzima jamani, akigongwa na gari dogo kwenye 80 uwezekano wa kufa unakaribia asilimia 60. Hapo sijataja tela wala kimo cha mtoto.

Halafu umri haubadilishi tu uwezo, unabadilisha na aina ya ajali, na hili semina haikuligusa kabisa. Wale wa chini ya miaka 5 hawavuki kwenda popote, wanacheza, mlango wa nyumba uko hatua kumi kutoka barabarani, mpira wa makaratasi unatoka nao wanaufuata. Wa miaka 6 hadi 9 ndo hao wa dumu na ufagio. Kuanzia 10 mtoto ameshakuwa kiongozi wa msafara, anavusha wadogo, anachunga, na jioni yuko stendi na beseni la karanga au mahindi ya kuchoma anakimbizana na dirisha la basi ambalo halijasimama. Huyu akili ya kuvuka anayo, ila biashara inamtaka awe katikati ya lami. Ukifika 14 na kuendelea, hasa karibu na machimbo, kijana wa kiume hagongwi tena akiwa kwa miguu. Yuko juu ya bodaboda ya mtu, hana kofia, amebeba wawili nyuma. Sasa niambieni, wimbo mmoja unawatosha vipi hawa wote wanne?

Dunia nzima, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Shirika la Afya Duniani hilo hilo. Na bado tukitaja hatari za watoto wa ukanda wa dhahabu tunataja mashimo na zebaki. Ni kweli, Human Rights Watch waliandika ripoti yao mwaka 2013 kuhusu watoto wachimbaji wa Geita, Kahama na Chunya, na ilisaidia watu wakaamka. Barabara haina ripoti yake. Inaua mmoja leo, mmoja mwezi ujao, kijiji kingine. Tarehe 6 Mei 2017 basi la shule ya Lucky Vincent lilipotumbukia korongoni Karatu, watoto 32 walikufa pamoja na walimu wao 2 na dereva, na taifa lilisimama, na lilistahili kusimama. Lakini 32 wakifa mmoja mmoja, kati ya Tinde na Nyakanazi, hakuna bendera inayoshushwa. Kila mmoja wao alikatiza ghafla.

Sasa wale wa kusema nani aliwatuma kujenga shule barabarani. Nilitegemea swali hilo, na limeulizwa jana kweli, na kaka mmoja wa nyuma. Jibu ni serikali! Wasukuma hawakuwa wakiishi kwa mistari kando ya barabara. Kaya ilikuwa kwenye mashamba yake na ng'ombe wake, jirani yako unamwona kwa mbali. Mwaka 1974 hadi 1976, Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa, Shinyanga ikiwa mojawapo ya mikoa iliyohamishwa kwa nguvu hasa. Vijiji vingi vikapangwa kando ya barabara ili huduma na magari ya serikali yafike kirahisi. Azimio la Musoma likaja mwaka huohuo wa 1974, elimu kwa wote, shule zikajengwa humo humo vijijini. Enzi hizo barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo, gari moja kwa saa. Miaka ikapita, ikaja lami. Kwa hiyo shule haikuifuata barabara kuu. Barabara kuu ndo ilikuja kupanuliwa na kunyooshwa mbele ya mlango wa shule, na waliochora michoro walizijua tani za lori, wakasahau kuna kengele ya saa moja asubuhi. Halafu kuanzia 2016 michango ikafutwa, watoto wakafurika, darasa moja mia na zaidi kwa shule nyingi za Geita. Furaha yangu ni kubwa kwa hilo. Lakini miguu inayovuka imeongezeka, na kivuko ni kilekile, au hakipo.

Sheria tunayo, msiniambie hatuna. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na inasema 50 kwa saa penye makazi. Vibao vya 50 vipo. Mnajua kinachotokea, sote ni abiria: dereva anayekuja anakuwashia taa, maana yake mbele kuna tochi. Basi linanywea, linaingia 50 kwa adabu, trafiki anapita, konda anacheka, mguu unarudi kwenye mafuta. Hata abiria tunashangilia! Anayekwepa tochi tunamwita suka mkali. Trafiki hawezi kukaa mbele ya kila shule, na faini ya elfu 30 kwa tajiri wa mabasi ni hela ya soda. Kitu pekee ambacho hakilali, hakili rushwa na hakitumiwi salamu kwa taa ni tuta.

Najua matuta yanachukiwa. Rafiki yangu wa chumbani baba yake ana Fuso, na ameshaniambia matuta yanaua springi, yanakula mafuta, yanachelewesha mzigo wa nje ya nchi na kuharibu sifa ya bandari yetu. Nakubali lina gharama. Tuta baya, lisilo na alama, lililomwagwa usiku na wanakijiji wenye hasira, nalo linaua. Lakini mie sizungumzii hilo. Nazungumzia rasta za kuamsha dereva, kibao, tuta lililochorwa, pundamilia inayoonekana, njia ya miguu iliyotengwa na lami kwa nguzo ndogo, na mwendo wa 30. Mwezi Februari 2020, kule Stockholm, mataifa yalikubaliana kwamba pale watu na magari wanapochanganyika mwendo usizidi 30, na Agosti ya mwaka huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaliunga mkono azimio la Stockholm. Tanzania ni mwanachama wa Umoja huo, kama sikosei bado tunalipa ada. Ukiwa na mita 400 za mwendo wa 30 mbele ya shule badala ya 80, lori linapoteza nusu dakika. Hesabu ni rahisi, fanya mwenyewe. Nusu dakika, katika safari ya siku kadhaa kutoka Dar hadi Kigali. Kwenye mizani anasubiri kwa muda gani?

Na wala sitoi mfano wa Ulaya tu. Hapa hapa Bongo, Dar es Salaam, shirika liitwalo Amend lilichukua shule ambazo watoto wao walikuwa wanagongwa sana, likaenda na mhandisi, likatazama watoto wanapita wapi, likaweka hayo hayo: matuta, njia za miguu, nguzo, alama, pengine likahamisha geti la shule likatazama uchochoro badala ya barabara kubwa. Ndiyo, na elimu walitoa, mwisho, juu ya barabara iliyokwisha kurekebishwa. Walipopima, wakilinganisha na shule zingine, majeruhi walipungua kwa asilimia 26. Mwaka 2019 mpango huo, unaitwa SARSAI, ulishinda tuzo kubwa ya miji ya taasisi ya WRI, dola 250,000, ukizipiku kazi za miji mikubwa ya dunia. Mtanzania wa kawaida hajawahi kulisikia jina hilo. Tunashinda tuzo kwa kitu ambacho hatujakifikisha Ushirombo!

Ulaya nayo, kwa kuwa mnaipenda. Uholanzi mnayoiona leo na baiskeli zake haikuzaliwa hivyo. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua huko watu zaidi ya 3,000, na zaidi ya 400 walikuwa watoto. Mwandishi wa habari mmoja, Vic Langenhoff, ambaye mtoto wake aliuawa na gari, aliandika makala, kichwa chake kwa Kiswahili ni Acheni Kuua Watoto. Wazazi wakaingia mitaani, wakakaa barabarani na watoto wao, wakazifunga. Hawakuomba kipindi cha wimbo kiongezwe shuleni. Walidai barabara, wakapata.

Kitu kingine kinanichoma. Ingia mgodi wowote mkubwa, ujue sheria za mwendo ndani ya ule uzio. Malori makubwa yana njia zake, magari madogo yana njia zake, mtu wa miguu hatembei ovyo, kila kona ina kibao, na dereva akizidisha mwendo kibarua kimeota nyasi. Kwa nini? Kwa sababu wanajua binadamu hukosea, hata fundi mwenye miaka 40, mwenye kofia na mafunzo, atakosea siku moja. Kwa hiyo wanapanga njia ili kosa lake lisimuue. Ukitoka tu getini, kwa mtoto wa miaka 7, kanuni inageuka: yeye ndiye asikosee. Mabadiliko ya sheria ya madini ya 2017 yanaitaka migodi iwe na mpango wa huduma kwa jamii unaokubaliwa na halmashauri. Madarasa tumeyapata kwa fedha hizo, zahanati tumepata, tunashukuru. Hivi njia ya kufikia hilo darasa siyo sehemu ya shule?

Kaka wa nyuma alimalizia jana kwa kusema kwamba ninawatetea wazazi wazembe. Mzazi gani? Mama aliyeamka saa 10 alfajiri kwenda shambani, au baba aliye dualani huko Nyarugusu siku ya nne? Wale wenye uwezo tayari wamenunua usalama: mtoto wao anachukuliwa na basi la njano mlangoni. Anayevuka kwa miguu ni wa yule asiye na namna. Ukimwambia mzazi huyo amsindikize mtoto kila siku umemwambia achague kati ya mtoto kufika na mtoto kula.

Mie nitaendelea kufundisha kulia, kushoto, kulia. Haina madhara, na mtoto wa darasa la sita itamsaidia kweli. Ninachokataa ni kusaini. Nikiajiriwa, Mungu akipenda, na nikiwa mwalimu wa zamu siku mtoto amegongwa, mkono wangu hautaandika kwamba alikatiza ghafla. Nitaandika gari lilikuwa kwenye mwendo gani kama unajulikana, kivuko kiko mita ngapi kutoka geti, kama kuna tuta, kama kuna kibao, saa ngapi, na kama jua lilikuwa limechomoza. Nawaomba na nyie mnaokwenda mazoezini mwakani, muanze na hilo. Daftari la matukio la shule lina nafasi ya kutosha.

Na kwa wadau wa Mbogwe, Bukombe, Msalala na Geita mnaosoma humu, maana mpo, mnaniandikia: barabara kuu ni ya TANROADS, si ya halmashauri wala TARURA, kwa hiyo diwani akikuambia hana fungu la tuta, hadanganyi. Mwambieni basi aandike barua kwa meneja wa TANROADS mkoa, iwe na mhuri wa kijiji, iwe na majina ya shule na kilomita ilipo, kutoka mji fulani. Mkuu wa shule aambatanishe idadi ya wanafunzi wanaovuka. Vikao vya bajeti havingoji, ukichelewa unaongelea mwaka wa fedha mwingine. Mayu niliyemtaja ameniahidi kukusanya sahihi za upande wake wa barabara. Kasoro yake, anasema, ni kwamba ili apeleke karatasi shuleni lazima avuke.